Nafuu Yangu Ilikuja kwa Kutembea

Nimezaliwa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, nikaolewa milimani Mbinga. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya kijana yeyote, hasa mwanamke, anayeamka kila siku mgongo umekakamaa, akaambiwa ni uchovu wa jembe. Ugonjwa wangu unaitwa ankailosingi spondilaitisi. Ni aina ya baridi yabisi inayoshambulia uti wa mgongo na maungio yanayoushikiza kwenye nyonga. Ukiachwa, pingili za mgongo zinaweza kuungana na mtu akabaki amepinda. Dawa ya kuumaliza kabisa haijapatikana, lakini unatulizwa, na wangu umetulia.

Kwetu Umatengoni, huku Mbinga, wanaume hufyeka majani na kuyapanga, na wanawake huchimba mashimo ya kilimo yaitwayo ngoro na kuyafukia majani yale kwa udongo. Ni kazi ya kuinama tangu asubuhi. Kwa hiyo maumivu yaliponianza, nikiwa na miaka 20 na ushee, hakuna aliyeshangaa. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya, na mama mkwe akaniambia kwa upendo, "Mwanangu, huo ni mgongo wa uzazi. Pumzika." Nikapumzika, wifi zangu wakanichimbia ngoro, na mimi nikazidi kukakamaa.

Maumivu yale yalikuwa na tabia yake. Yaliniamsha kabla ya jogoo kuwika, leo tako la kulia, kesho la kushoto. Kuinama kuwasha moto ulikuwa mtihani. Lakini nikishateka maji na kupanda kilima, mwili ulilegea, na kufika saa nne nilikuwa mzima, hata majirani wakadhani nadeka. Nilichuliwa kwa mafuta, nikanywa mizizi, nikauziwa vidonge bila cheti. Wapo waliotaja uchawi, kwa kuwa ugonjwa unaokuja usiku na kuondoka mchana waliona una mkono wa mtu.

Kilichonifungulia njia ni jicho. Liliwiva likawa jekundu, likauma, nikawa siwezi kutazama mwanga. Hospitalini, daktari aliyelitibu aliniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa: "Na mgongo, mama, huwa unakuuma?" Nilipojibu ndiyo, akauliza, "Saa ngapi?" Nikamweleza yote. Akaniambia kwamba mgongo uliochoshwa na kazi huuma mtu akifanya kazi na hupoa akipumzika. Mgongo wenye uvimbe wa ndani hukakamaa mtu akilala na hulegea akijongea. Maumivu yaliyoanza kabla ya miaka 45, yaliyodumu zaidi ya miezi 3, yenye kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, pamoja na jicho la namna ile, yalimfanya ashuku ugonjwa huu.

Hakukimbilia kuandika dawa ya mgongo. Alitaka kwanza ajue kwamba si kifua kikuu cha mifupa, ambacho nacho hula pingili, wala si homa ya brusela. Nikapimwa pia VVU, maana utafiti wa Zambia umeonyesha kwamba virusi hivyo huweza kuandamana na magonjwa ya jamii hii. Picha ya eksirei ilionyesha kingo za maungio ya nyonga zimeliwa. Kuna pia kipimo cha kinasaba kiitwacho HLA-B27, lakini Waafrika wengi hawana kinasaba hicho, hata baadhi ya wale wanaougua. Kwa hiyo kutokuwa nacho hakumwondolei mtu ugonjwa.

Matibabu ya mwanzo yalikuwa mawili, na yote yanawezekana hukuhuku kwetu. La kwanza ni dawa za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni, diklofenaki, naproksini au indomethasini. Nilikuwa nimeshameza za namna hiyo, kimoja leo, kingine wiki ijayo. Safari hii nilipewa kipimo kamili, nimeze baada ya kula, kila siku, kwa wiki 2 hadi 4 ndipo tuamue kama inafaa. Ikishindwa hujaribiwa nyingine ya kundi hilo, lakini mbili hazimezwi pamoja. Kabla ya kunipa, daktari aliuliza kuhusu vidonda vya tumbo, figo, presha na ujauzito, kwa sababu dawa hizi zinaweza kudhuru. Alinionya pia nisinunue prednisoloni dukani: ikimezwa muda mrefu huudhoofisha mfupa, na kwa ugonjwa huu haishauriwi.

La pili ni mazoezi, na hili ndilo lililonigeuza. Kila asubuhi nasimama kisigino, mgongo na kichwa vikiwa vimegusa ukuta. Navuta pumzi hadi mbavu zitanuke, kisha nalala kifudifudi ili mgongo unyooke. Mto wangu ni mwembamba. Kuogelea kunasifiwa sana kwa ugonjwa huu, ila kwenye maji ya kina kifupi ya ufukweni mwa ziwa kuna hatari ya kichocho, basi mimi nikachagua kutembea. Wanaovuta sigara huambiwa waache, kwani moshi huuchochea ugonjwa.

Dawa mbili za kundi lile la vidonge zikishindwa, zipo sindano za kuzuia uvimbe, kama adalimumabi na etanasepti. Bei yake ni kubwa, na kabla ya kuzitumia lazima mtu apimwe kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini B, visije vikaamka. Methotreksati haiusaidii uti wa mgongo, na salfasalazini hutumika zaidi magoti au vifundo vikivimba. Mimi sijafika huko. Diklofenaki na mazoezi vimenitosha.

Leo nalala usiku kucha. Nimerudi shambani kwa mikono yangu, na mama mkwe ndiye anayenihimiza nitoke nikatembee.

Ewe ndugu unayesoma, uwe Mbamba Bay, Lituhi au Litembo, usisubiri upinde. Ukifika kwa daktari, usiishie kumwonyesha mahali panapouma. Mtajie saa maumivu yanapoanza, na umwambie yanapungua ukifanya nini.