Kufuli Lisilomjua Mwenyewe

Kufuli la mlangoni likishindikana, fundi hulivunja kwa nyundo, na mwenye nyumba akaingia. Kufuli la diski iliyosimbwa halina nyundo: ukivunja chuma, kilichomo hubaki fumbo.

Hayo yalimfika mwalimu mstaafu wa Matembwe, kijiji cha nyanda za baridi za Njombe. Kwa miaka sita alirekodi wazee wakisimulia kwa Kibena: ngano, vitendawili, majina ya miti ya dawa. Wengi wao sasa ni marehemu.

Ubao mkuu wa kompyuta yake ulipoungua, fundi wa Makambako aliubadilisha kwa ustadi. Mashine ikawaka, lakini ikadai tarakimu 48. Nywila yake ya kila siku haikufaa kitu. Katika BitLocker, programu ya Microsoft iliyoingia na Windows Vista mwaka 2007, ufunguo wa diski aghalabu hulindwa na chipu iliyomo katika ubao wenyewe. Ubao ukibadilishwa, mlinzi mpya haijui siri ya mwenzake. Humwona mwenye mali sawa na mwizi aliyechomoa diski na kuitia katika mashine nyingine. Wala hakosei, kwani ndiyo kazi aliyowekewa.

Fundi alishauri diski ifutwe, waanze upya. Mwalimu alikataa. Kufuta kungekuwa kuwazika wale wazee mara ya pili.

Nusura ilitoka katika karatasi. Siku ya kuisimba diski, alinakili ufunguo wa akiba kwa mkono, akamkabidhi binti yake aliyeolewa Njombe mjini, naye akauweka ndani ya daftari la vikoba. Binti aliusoma kwa simu, mafungu 8 ya tarakimu sita sita. Kila fungu hugawanyika kwa 11 bila baki, hivyo tarakimu moja ikikosewa mashine hung'amua. Fungu la tano lilirudiwa mara mbili. La mwisho lilipoingia, ikasikika sauti ya bibi mmoja akitega kitendawili.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mwalimu alisitisha ulinzi, akauanzisha tena ili ubao mpya upokee amana, kisha akanakili sauti zote katika diski ya pili. Hiyo haikulala Matembwe. Ilipanda basi la asubuhi kwenda kwa binti.