Jumapili ya Wasiosali

Shangazi yangu anaishi Barking, mashariki mwa London, na Jumapili kwake huanza na kanisa ikaishia na kanisa. Nilipomwambia kwamba ninakwenda Conway Hall kusikiliza mhadhara kwenye jumuiya ya watu wasio na dini, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "kama hawana Mungu, wanaamkia nini Jumapili? Si walale?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyokusudia, nikapanda nalo treni.

Kutoka kituo cha Holborn ni mwendo wa dakika chache. Unaiacha barabara kubwa yenye mabasi, unapinda vichochoroni, mara unatokea Red Lion Square, bustani ndogo iliyozungukwa na majengo. Conway Hall, jengo la matofali lililofunguliwa 1929, liko pembeni mwake. Nilikuwa nimejiandaa kukuta jambo geni, sijui jambo gani hasa. Nilichokuta ni mtu mlangoni mwenye orodha ya majina, ubao wa matangazo, na wazee waliofika mapema kuwahi viti wanavyovipenda. Ndani, viti vimepangwa safu kwa safu kuelekea jukwaani, juu kuna roshani, kuta zimevikwa mbao, na mwanga unaingia kupitia vioo vya darini. Juu ya jukwaa, pale ambapo kwetu Taita ungekuta msalaba, yameandikwa maneno ya Shakespeare kuhusu mtu kuwa mkweli kwa nafsi yake.

Hili ni kanisa, nikajisemea. Na kweli kanisani ndiko jumuiya hii ilikoanzia. Mwishoni mwa karne ya 18 Wakristo fulani wa London walianzisha kusanyiko lao kwa sababu hawakukubali kwamba Mungu mwenye upendo atamchoma mtu milele. Ukishalikubali swali hilo moja, la pili utalizuiaje? Vizazi vilivyofuata vikatilia shaka Utatu, kisha miujiza, kisha sala, na ilipofika 1888 kusanyiko likajiita jumuiya ya maadili. Hakuna aliyekuja kulivunja kanisa. Watu walihama kutoka imani hii hadi ile huku wamekaa palepale.

Kabla hawajafika mbali hivyo, walipokuwa bado na kanisa lao la South Place, mtaa wa Finsbury, mmoja wao aliyeitwa Sarah Flower Adams alitunga wimbo. Ulichapishwa 1841 katika kitabu cha nyimbo cha mchungaji wao, William Johnson Fox. Ni huu tunaouita Karibu na Wewe. Wundanyi nimeusikia kwenye mazishi nisiyoweza kuyahesabu, na shangazi anauimba bila kufungua kitabu.

Jina la jengo limetoka kwa Moncure Conway, Mmarekani wa Virginia aliyezaliwa katika nyumba ya wamiliki wa watumwa. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, aliwasindikiza hadi Ohio watu wapatao 30 waliotoroka utumwa wa baba yake mzazi, wakaanza maisha yao huko wakiwa huru. Mwaka uliofuata alivuka bahari kuja kusema dhidi ya utumwa, na watu wa South Place wakamfanya mchungaji wao. Ni katika enzi yake ndipo sala zilipokoma. Alimgomea baba yake kabla ya kumgomea Mungu, na sina hakika kwamba ni Mungu aliyemtoa jasho zaidi.

Mhadhara wa siku hiyo ulihusu namna London ilivyozika watu wake karne ya 19. Msemaji, mwanahistoria wa makamo mwenye sauti ya chini, alianza na viwanja vya makanisa vilivyofurika maiti, kisha akafika kwenye treni. Mwaka 1854 ilianza reli maalumu ya wafu kutoka Waterloo hadi makaburi ya Brookwood, huko Surrey. Madaraja yalikuwa matatu, kwa wafiwa na kwa majeneza pia, na tiketi ya jeneza ilikuwa ya kwenda tu. Ukumbi ukacheka. Huko makaburini kulikuwa na stesheni mbili: moja ya waumini wa Kanisa la Uingereza, nyingine ya wote waliobaki. Mtu aliyeishi bila dhehebu alipofariki ilibidi apate mlango wa kushukia. Ndipo akatueleza jinsi uchomaji wa maiti ulivyoanza Woking mwaka 1885, na kwa nini wengi wa watu wa jumuiya kama hii waliupokea kwa mikono miwili.

Kisha yakaja maswali, na hapo ndipo safari yangu iliponilipa. Mzee mmoja wa safu ya tatu alisimama. Hakushukuru, hakusema amebarikiwa. Alisema msemaji amekosea chanzo: kampuni ya reli haikujali dini hata kidogo, ilijali pesa, na utengano ule ulikuwa njia ya kuuza. Msemaji akapekua karatasi zake mbele yetu sote, akasoma kidogo, akasema kuhusu madaraja mzee ana haki, kuhusu stesheni hana. Mzee akatikisa kichwa na kukaa. Hakuna aliyenuna.

Nimekaa mbele ya mimbari tangu utotoni, na Voi nimesikiliza mawaidha mengi ya masheikh pamoja na marafiki. Sijapata kuona mhubiri akiambiwa hadharani kwamba hapo umekosea, naye akarudi kwenye karatasi zake kuhakikisha. Mengine yote ya Jumapili hawa wameyahifadhi: saa, viti, muziki (matamasha yao ya Jumapili jioni yana umri wa zaidi ya karne), hata matangazo marefu ambayo hakuna anayeyasikiliza. Walichoondoa ni amina, wakaweka swali.

Nikainua mkono na mimi. Nikaeleza kuhusu matanga: majirani wanavyoleta kuni, masufuria na unga, wanavyolala nje ya nyumba ya msiba, na gharama za mazishi zinavyogawanywa. Hao waliotoka kwenye madhehebu yao, nani aliwapikia?

Msemaji akasema nyaraka alizosoma hazigusi hilo. Mama mmoja nyuma akajibu bila kusubiri kipaza sauti. Mumewe alipofariki, alisema, walimjia watu wa jumuiya, wakakaa naye, wakazungumza mambo mazuri sana. Chakula aliagiza mwenyewe. Watu wakacheka, yeye hakucheka sana.

Nadhani shangazi angelishika jambo hilo haraka kuliko mimi. Hawa wametunza mimbari vizuri kuliko jiko. Vichwa vingi ukumbini vilikuwa vyeupe, na baada ya biskuti za chai kila mtu alishika njia yake. Hata hivyo haikuwa baridi tupu. Kwenye meza ya chai nilikutana na bwana anayeongoza mazishi na harusi za wahumanisti, watu wanaoishika heshima ya utu bila dini. Alilalamika kwamba Scotland harusi zao zinatambuliwa kisheria tangu 2005, ilhali huku England wanaooana lazima wapite pia kwa msajili. Nikamuuliza afanyeje familia ikitaka Karibu na Wewe. "Unaimbwa," akasema. "Marehemu aliupenda. Mimi ni nani nimnyime?" Habari za Sarah Adams alizijua kunishinda.

Yule mzee wa reli alinikuta mlangoni, akauliza natoka wapi. Aliposikia Kenya akanipeleka bustanini kwenye sanamu ya mtu aliyenyanyua mkono kama anayehutubia: Fenner Brockway, mbunge, na kwa miaka mingi mmoja wa wahadhiri wa jumuiya hii. Sanamu ilisimamishwa 1985, mwenyewe akiwa hai. Brockway alikuja Kenya Oktoba 1952, siku chache baada ya hali ya hatari kutangazwa, kwa mwaliko wa chama cha KAU, na akarudi London kuisumbua serikali kwa maswali Bungeni.

Nikamwambia kwamba kwetu, si mbali na Voi, ndiko ilikokuwa Manyani, kambi ya kizuizini ya wakati huo wa hali ya hatari, na kwamba wazee walionisimulia habari za waliofungwa mle hawakumtaja Brockway hata mara moja. Maswali ya Bungeni hayakuwa na miguu ya kufika Manyani.

"Hapo umekosea," akasema, na uso ukamchangamka. Tukabishana mpaka manyunyu yakaanza. Mwishowe akasema kamati hutafuta wasemaji, niandike haya ninayoyadai niyalete jukwaani. Nikamjibu kwamba siku hiyo yeye atakaa mbele anitafutie makosa.

"Bila shaka," akasema, akatoa bahasha mfukoni na kuniomba nimtajie jina la Manyani herufi kwa herufi, ili aanze kusoma wiki hiyohiyo.