SAMAKI NAYE ANA ALAMA SIKIONI

Ukifika Lalago, wilaya ya Maswa, hutaona ziwa. Utaona mbuga za udongo mweusi, mashamba ya pamba na mtama, na ng'ombe wengi. Hata hivyo, sokoni utakuta dagaa, sangara na sato waliokaushwa. Ukitaka kujua njia yao, panda gari upite Maswa mjini, kisha Bariadi, mpaka Lamadi, wilaya ya Busega. Huko mkoa wetu wa Simiyu unagusa Ziwa Victoria.

Muulize mwuzaji, "Samaki huyu ametoka wapi?" Atakujibu, "Ziwani." Lakini ziwa hilo ni kubwa. Ni la nchi tatu: Tanzania, Uganda na Kenya. Je, samaki huyu alizaliwa wapi? Alikulia wapi? Mwuzaji hajui. Mvuvi naye hajui. Habari hiyo imo kichwani mwa samaki mwenyewe.

JIWE LA SIKIO

Wafugaji wanajua kazi ya alama. Ng'ombe akipotea, mwenyewe humtambua kwa chapa au kwa mkato wa sikio. Samaki naye ana alama sikioni, lakini hakuna mtu aliyemtia.

Masikio ya samaki hayaonekani kwa nje. Yamo ndani ya fuvu. Humo mna vijiwe vyeupe, vigumu, vinavyomsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Jiwe la sangara mkubwa huonekana vizuri. La dagaa ni dogo kama punje ya mchanga.

Jiwe hili ni la namna ya chokaa. Hukua pamoja na samaki, tabaka jipya likikaa juu ya la zamani. Tabaka likishakaa, halitoki tena. Kwa hiyo katikati ya jiwe pana habari za utoto wa samaki. Ukingoni pana habari za siku zake za mwisho.

Habari hizo huandikwa na maji. Maji hupita katika miamba na udongo, yakachukua madini. Maji ya Ziwa Eyasi ni ya chumvi, ya Ziwa Victoria ni maji baridi. Hata mito miwili inaweza kutofautiana. Madini hayo, kama strontiamu na bariamu, huingia mwilini mwa samaki kidogo kidogo na kukaa katika jiwe.

Wataalamu hulitoa jiwe, hulisafisha na kulikata au kulisugua mpaka matabaka yaonekane. Kisha hulipima kwa mashine, tabaka kwa tabaka. Samaki waliokulia katika maji tofauti wanaweza kutambuliwa hivyo.

FAIDA YAKE NI NINI?

Fikiria vijiji viwili vinavyochunga kundi moja la ng'ombe. Kila kijiji kinadhani kina kundi lake, na kila kimoja kinauza bila kumwuliza mwenzake. Kundi litakwisha. Samaki ni hivyo hivyo. Tukijua kundi ni moja, tutajua kwamba lazima tulitunze pamoja. Mawe ya dagaa wa Ziwa Tanganyika yamekwisha kuchunguzwa kwa njia hii. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka.

Chukua pia samaki aitwaye ningu. Yeye huishi Ziwa Victoria, lakini wakati wa mvua hupanda mitoni kutaga mayai. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zilimpunguza sana. Jiwe la samaki kama huyo linaweza kuonyesha kama alizaliwa mtoni. Basi mto huo utajulikana kuwa ni nyumba ya watoto. Mto Simiyu hupokea maji kutoka wilaya zetu za ndani. Udongo tunaouacha uchukuliwe na mvua mashambani huishia katika maji hayo. Matuta ya kukinga maji humfaa mkulima na humfaa samaki.

USIDANGANYIKE

Jiwe halisemi kila kitu. Maji ya sehemu mbili yakifanana, mawe nayo yatafanana. Tena jiwe huonyesha samaki aliishi katika maji gani. Halionyeshi wazazi wake. Wala huwezi kuisoma alama hiyo kwa macho. Mtu akikutazamia jiwe sokoni na kukuambia samaki ametoka wapi, usimwamini.

Lakini unaweza kuliona jiwe lenyewe. Ukipika kichwa cha sangara, pasua fuvu taratibu, utafute nyuma ya macho chini ya ubongo. Waonyeshe watoto.

Nawe mvuvi au mchuuzi, mtafiti akikuuliza samaki amevuliwa wapi, mwambie kweli. Ukitaja mahali pa uongo, jiwe litaandikwa jina lisilo lake, na kazi yote itaharibika. Kama hujui, sema hujui.