Jina la Smith na Jina la Muturi

Kila taifa lina desturi yake ya kutoa majina, na mtu asiyeijua desturi hiyo hudhani kuwa majina ya wenziwe ni sauti tupu. Mimi ni karani wa Serikali hapa Nairobi, na kazi yangu ya kila siku ni kukagua majina ya watu katika fomu. Kwa hiyo nimezoea kuyatazama majina kama mkulima atazamavyo mbegu, nami napenda kuwaeleza wasomaji habari za jina moja la Kiingereza lililoenea kuliko yote, nalo ni Smith.

Hapo kale Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa na jina lake moja, basi. Baada ya Wanormani kuvuka bahari kutoka Ufaransa na kuishinda Uingereza mwaka 1066, desturi ya jina la pili ilianza kuenea polepole, kwanza kwa mabwana wenye ardhi, kisha kwa watu wadogo. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Akina John walikuwa wengi kijijini, na mwenye kutoza kodi alitaka kujua ni John yupi. Wengine waliitwa kwa baba zao, kama Johnson, yaani mwana wa John, sawasawa na sisi tusemavyo Kamau wa Njoroge. Wengine waliitwa kwa mahali walipokaa, kama Hill, yaani kilima. Wengine kwa umbo lao, kama Short, yaani mfupi. Na wengine waliitwa kwa kazi zao: Taylor alikuwa mshonaji wa nguo, Baker alikuwa mwoka mikate, na Smith alikuwa mhunzi.

Twaweza kuuliza, kwa nini wahunzi wakawashinda wengine wote kwa wingi? Fikirini hali ya kijiji cha siku zile. Jembe la plau lilitoka kwa mhunzi, na mundu, na shoka, na kwato za chuma za farasi, na bawaba za mlango, na upanga wa askari. Kijiji kiliweza kukaa bila mshonaji, maana wanawake walishona nyumbani, lakini bila mhunzi hakuna aliyelima. Basi karibu kila mahali palikuwa na Smith wake. Kwa hesabu ya mwaka 1853, Uingereza na Wales zilikadiriwa kuwa na akina Smith 253,600, yaani mtu mmoja katika kila watu 73. Katika hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 2010 walipatikana 2,442,977.

Lakini msidhani kwamba watu hao wote ni ndugu. Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Smith si ukoo mmoja uliotoka kwa babu mmoja, bali ni mito mingi iliyoingia katika ziwa moja. Wajerumani waliohamia Marekani na jina lao la Schmidt, lenye maana ile ile, wengi wao waligeuza wakaitwa Smith. Baadhi ya Waayalandi ambao jina lao lilikuwa na maana ya mwana wa mhunzi walifanya vivyo hivyo. Na watu weusi wa Marekani, baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, wengi walibaki na majina ya Kiingereza. Mwaka 2010 zaidi ya mmoja katika kila akina Smith watano wa nchi ile alikuwa mtu mweusi.

Wala heshima hii ya mhunzi si ya Waingereza peke yao. Mwarabu aitwaye Haddad, Mrusi aitwaye Kuznetsov, Mfaransa aitwaye Lefebvre, Mtaliano aitwaye Ferrari, wote majina yao yatoka katika kazi ile ile ya kufua chuma.

Hapa kwetu jina la Smith lilifika mapema. Kampuni ya Smith Mackenzie ilianza biashara Unguja mwaka 1877, kisha ikajulikana pwani nzima. Na magharibi ya Nairobi jina hili liliandikwa juu ya ardhi yenyewe. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alifika Dagoretti, akapatana na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma. Boma lile halikudumu, na Kapteni Eric Smith akajenga jingine huko Kabete, nalo likaitwa Fort Smith. Ni katika boma hilo Waiyaki alikamatwa mwaka 1892, akafa Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji ulikua, na mitaa yake ikapewa majina ya wakubwa wa Kiingereza. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mengi yalibadilishwa: Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Sadler Street ikawa Koinange Street. Na barabara kuu itokayo Westlands, ikapita Kangemi na Uthiru kuelekea Kabete, yaitwa Waiyaki Way. Jina la mfungwa limekuwa refu kuliko jina la boma alimofungwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwa Wakikuyu, na kwa jirani zao wa Embu, mhunzi huitwa muturi, na Muturi ni jina la watu wengi. Justin Muturi, kwa mfano, alikuwa Spika wa Bunge la Taifa tangu mwaka 2013 mpaka 2022. Zamani muturi aliosha mchanga wa mtoni akapata chuma, akauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, akafua mikuki, simi, mashoka na bangili. Watu walimheshimu na kumwogopa, kwani laana ya mhunzi ilihofiwa sana. Desturi zahitilafiana: Wamasai waliwatenga wahunzi wao, wala hawakupenda kuoana nao, ingawa mikuki yao ilitoka mikononi mwa hao hao.

Katika nyumba yetu jina hili limeshuka kwa kuruka kizazi kimoja, maana kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Baba yangu aitwa Muturi kwa sababu babu yake aliitwa Muturi, na mtoto wa kaka yangu aitwa Muturi kwa sababu ya baba yangu. Mzee humwita mjukuu huyo wajina.

Kijana huyu anakaa Kawangware, na hutafuta kazi za kuandika kwa njia ya intaneti kwa waajiri wa ng'ambo. Mwaka huu alinijia na hati ya kubadili jina, akaniomba nimsaidie kuijaza. Alitaka kuacha Muturi na kuitwa Smith. Akaniambia, “Baba mdogo, jina hili lanifungia milango. Wakiliona hawajibu.” Sikumcheka, kwa kuwa kodi ya nyumba hailipwi kwa desturi. Sheria nayo yamruhusu. Hati itatiwa sahihi, itaandikishwa, na tangazo litatolewa katika Gazeti Rasmi la Kenya.

Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, mwajiri amkataaye mtu kwa jina atamkataa tena siku atakapomwona uso. Pili, nilimwuliza kama ajua maana ya Smith. Hakujua. Nilipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Kumbe nataka kuuza shoka ili ninunue shoka.” Hati hiyo bado haijatiwa sahihi, na mzee hajaambiwa neno.

Wasomaji wenzangu, simlaumu mtu yeyote mwenye jina la kigeni, kwani jina hukaa mahali lipendwapo. Lakini mwalimu mmoja wa shule niliyosoma alitufundisha kwamba majina ya Kizungu yana historia na ya kwetu ni kelele tu. Neno hilo si kweli, nalo limewapotosha wengi. Kabla hujaandika au kufuta jina katika fomu yoyote, nenda kwa wazee ukaulize lilianzia wapi, nani alilichukua, na alifanya kazi gani. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mwingereza hakuona haya kumkumbuka babu aliyesimama mbele ya tanuri uso umejaa masizi. Basi nasi tusione haya kumkumbuka wa kwetu.