Machakos: Intaneti Iliyomo Mfukoni mwa Baba

Atokaye Mombasa kwenda Machakos hufuatana na reli kwa masafa marefu, kisha huiacha njia kuu na kukata kulia, kuelekea vilima vya Iveti na mashamba yake ya matuta. Mji huu, uliopata jina lake kwa Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba, ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza huku bara kabla ya Nairobi. Reli haikuufikia, na mwaka 1899 makao yakahamishwa.

Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, zilifika Mombasa, ufukweni kwetu. Intaneti iliyokuwa ikitegemea setilaiti kwa gharama kubwa ikaanza kupanda bara kwa waya. Hata hivyo, miaka 10 baadaye, sensa ya 2019 ilikuta kaya zipatazo 18 tu katika kila 100 nchini Kenya zina intaneti; Nairobi zilikuwa 42. Huko Korea Kusini na Falme za Kiarabu, waliko wengi wa jamaa zetu, karibu kila nyumba ilikwisha kuwa nayo.

Tulifikia kwa familia moja ya Kiislamu karibu na soko. Karani wa sensa angeweza kuandika kwamba nyumba ile ina intaneti, wala asiwe amesema uongo. Lakini imo ndani ya simu ya baba, naye hutoka nayo baada ya Alfajiri, akarudi baada ya Isha. Hapo hununuliwa bando dogo. Kaka hutangulia kwa kazi zake za shule kwa kuwa ni mkubwa. Ikifika zamu ya dada yake, ama bando limekwisha au binti amelala. Mama alitueleza kuwa mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa korona, masomo ya intaneti yalimpita binti huyo kwa sababu hiyo hiyo.

Tumezoea, sisi wa mimbari, kuonya juu ya wingi wa mitandao majumbani, na onyo lina haki yake. Nyumba ile shida yake ilikuwa nyingine.

Tulimwuliza mama angependa nini. Akasema, "Shekhe, aiache simu nyumbani siku moja tu katika wiki." Mumewe alicheka, akatuongeza chai.