Baba Alisema Pole

Baba alilisema Jumapili jioni, wodini, akiwa ameushika mkono wa dadangu. "Pole, mwanangu. Pole sana."

Dadangu akanigeukia. Aliondoka Mombasa akiwa na miaka minne, mama akamlelea Leicester, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "maji" na "lala". Kizungu cha baba nacho kilikuwa cha mpakani, cha kuulizana makaratasi. Kwa hivyo mkalimani nilikuwa mimi. Akaniuliza baba amesema nini.

"Amesema sorry," nikamwambia.

Akalia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kutupa nafasi.

Sasa wewe unayesoma hapa ushajua nilichofanya. Pole si sorry. Ukijikwaa pale Mwembe Tayari, mtu usiyemjua atakuambia pole, na si yeye aliyeliweka jiwe. Tunampa pole anayetoka kazini, mwenye homa, aliyefiwa, aliyenyeshewa akingoja matatu. Mgeni hushangaa: unaniomba msamaha wa nini na hukunisukuma? Hapo ndipo sifa huanza, ati ona Waswahili walivyo na utu, hata uchungu wa mtu baki wanausikia. Mimi pia nilikuwa nikisifu hivyo. Neno lenyewe lina undugu na poa, na mpole. Ukipewa pole unatakiwa upoe, ndiyo maana wazee wa kwetu huitikia, "Nishapoa."

Lakini pole haina mkosaji. Hiyo ndiyo shida yangu nayo. Anayekupa pole amesimama kando, anakuona ukiumia. Na baba hakuwa kando. Alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, akapata nyumba nyingine njiani, yetu akaisahau. Mama alipofariki 2016 hakupiga simu hata moja, na namba alikuwa nayo, mimi ndiye nilimtumia. Halafu leo anampa dadangu pole, kama jirani aliyepita matangani?

Angetaka kuomba msamaha, maneno yapo. Samahani. Nisamehe. Niwie radhi. Mzee alizaliwa Kisauni, si mtu wa kukosa Kiswahili.

Siku zingine namtetea. Kwetu radhi hutoka juu ikashuka. Mtoto huiomba kwa mzazi kabla ya safari, kabla ya harusi, na mzazi akiwa kitandani vile ndiyo usiseme. Mzazi kumwomba mtoto radhi sijawahi kusikia kwa masikio yangu, si kwa baba, si kwa mama, si hata kwa nyanya aliyenilea, na nyanya alikuwa na ya kuombea. Labda mzee alitafuta, akapata neno moja tu ambalo baba anaweza kumwambia mwanawe bila kupiga magoti.

Siku zingine nasema, basi si angepiga magoti.

Alifariki Alhamisi iliyofuata. Kwenye matanga dadangu aliwaambia shangazi zetu, kwa furaha kabisa, kwamba baba alimwomba msamaha mbele yangu. Mimi ndiye niliyetafsiri hilo pia. Shangazi mkubwa aliniangalia kwa muda. Nikajitia kukusanya vikombe.

Dadangu alirudi Leicester akiwa mwepesi, sijawahi kumwona vile. Akaanza darasa la Kiswahili la mtandaoni. Kila wiki ananirekodia sauti: hujambo kaka, leo ninapika chapati, paka yuko juu ya meza. Nacheka, namsahihisha, tunaendelea.

Juzi akatuma nyingine. Anasema mwalimu amewafundisha kitu cha kumwambia mtu akijikwaa barabarani, hata kama si wewe uliyemkwaza. "Pole," anatamka, taratibu. Kisha ananyamaza kidogo. "Kaka, hili si ndilo neno la baba?"

Nimeisikiliza mara tano. Tiki zimegeuka bluu, kwa hivyo anajua nimesikia. Sijajibu.