Maji ya Moto kwa Nguvu ya Jua

Sisi watu wa Bariadi tunalijua sana jua. Ndilo linalofungua vitumba vya pamba yetu, na ndilo linalokausha malambo yetu. Lakini nyumbani kwangu maji ya kuoga yalipashwa kwa kuni na mashina ya pamba. Mama yangu ni mzee mwenye maumivu ya viungo, hawezi maji baridi. Basi mke wangu aliamka saa kumi ya usiku kupuliza moto, akakohoa hata kukapambazuka.

Mwaka 2017 niliazimu kununua mtambo wa kupasha maji kwa jua, wa shilingi 1,000,000. Akiba tulikuwa nayo, lakini ndani yake zilikuwamo fedha za mdogo wangu wa kike, za godoro na sanduku na sare, maana alikuwa akienda kidato cha tano. Nikamwambia mke wangu, "Usiogope, serikali itaturudishia asilimia 30." Habari hiyo nilikuwa nimeisoma, wala haikuwa uongo, ila sikuangalia ni serikali ya nchi gani.

Mtambo ukaja. Ni mirija ya kioo yenye kuta mbili, iliyotolewa hewa katikati kama chupa ya chai, na juu yake tangi la lita 100. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda tangini yenyewe, na ya baridi hushuka mahali pake. Hapana haja ya pampu wala umeme. Tuliielekeza mirija kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini kidogo mwa Ikweta, tukaijaza maji alfajiri, maana kioo kilichopigwa na jua kikitiwa maji baridi huweza kupasuka.

Kisha nikaenda kwa afisa wa kodi, risiti mkononi. Akanisikiliza kwa upole, akasema, "Mwalimu, hayo uliyosoma ni ya Marekani. Huko mtu hupunguziwa kodi ya mapato yake. Kwetu, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 imeisamehe mirija ya namna hii. Bila msamaha ungaliongezewa asilimia 18, yaani shilingi 180,000. Kodi usiyotozwa, utarudishiwaje?"

Nilirudi nyumbani nimeinama. Mke wangu hakunigombeza, aliuliza neno moja tu: "Basi, godoro la wifi litatoka wapi?" Tukauza mbuzi watatu na magunia mawili ya mtama. Mdogo wangu akaenda shule, lakini mwezi wa Januari tulinunua chakula ambacho tungalikula kutoka ghalani mwetu.

Je, najuta? Kununua mtambo sijuti. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 25 hata nyuzi 60 kwahitaji yapata yuniti 4 za umeme, na jua hufanya kazi hiyo bure kila siku ya mwanga mwema. Siku za mawingu twarudi kwenye kuni, na chakula bado chapikwa mekoni. Lakini mama huoga maji ya moto alfajiri, na mke wangu hulala hata kuche. Ninalojutia ni ahadi niliyoitoa kabla ya kuuliza.

Ndugu zangu, msamaha wa kodi si fedha za kurudishwa. Umo ndani ya bei, nao humfaa yule aliye na bei yote mkononi. Tena orodha za misamaha hubadilika: hata ile nafuu ya Marekani ilikoma mwisho wa mwaka 2025. Basi, kabla hujafungua mfuko, nenda ofisi ya kodi ukaulize mwaka huo wasemaje, kisha mwulize mwuzaji bei yake imehesabiwaje. Kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza nikiwa na risiti mkononi; ninyi ulizeni mkiwa bado na fedha.